Vidole Viwili Juu ya Ubao

Jumapili, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mama wa watoto wawili alikuwa amepiga magoti sebuleni akipanga mfuko wa safari ya kuvua. Aliweka fito mbili fupi za kuvulia, mmoja mwekundu na mmoja wa kijani, kwa sababu zikiwa za rangi moja ugomvi hauishi. Aliweka kopo la siagi lenye minyoo na udongo wake, nguo za kubadili, taulo, ndizi sita, karanga, na kijiko kikubwa cha chuma kilichong'arishwa. Juu ya vyote aliweka majaketi mawili madogo ya kuokolea, ya rangi ya chungwa, aliyoyashona mwenyewe kiwandani.

Baba alikuwa nje akipakia injini ya boti kwenye mkokoteni. Alikuwa mchomeleaji vyuma, mtu wa maneno machache. Siku sita za wiki alitazama cheche. Ya saba alitaka kutazama maji.

"Mnachelewa. Samaki wameshaamka," alisema dirishani.

"Nao wanawe uso kwanza," mama alijibu. "Mtoto akiamshwa kwa kukimbizwa, anakuwa jiwe hadi saa nne."

Hakuwa akitia chumvi. Watoto wa nyumba ile walibadilika uzito kufuatana na moyo. Wakifurahi, waliinuka vidole viwili juu ya kitu walichokalia, wakabaki hapo bila kushika popote. Wakinuna, walikuwa wazito. Binti, wa miaka sita, aliyeitwa Kasuku kwa sababu ya mdomo wake, hakuwahi kuzidi ndoo mbili za maji hata akinuna namna gani. Lakini mdogo wake, wa miaka mitatu, aliitwa Kisiki. Siku alipokatazwa kula chambo, boti nzima ililala ubavu, ikabidi bibi yao ahamie upande wa pili na mwavuli wake. Zahanati walimpima mara mbili, wakaandika uzito wa aina mbili kwenye kadi, wakamwambia mama achague.

"Hata baba yao alikuwa hivyo hivyo," bibi alisema. "Aliacha alipoanza kazi."

Kwa hiyo mama alikuwa na kazi moja kwenye boti, na aliifanya kama fundi anayejua chombo chake. Hakusubiri mtoto aseme amechoka. Aliwarudisha nchi kavu nusu saa kabla. Ndizi hazikutoka zote pamoja. Kila mtoto alikuwa na cheo cha kweli. Kasuku alitunza ndoo ya samaki wadogo, akawapa majina ya majirani, na kuwarudisha majini kabla majirani hawajajua. Kisiki alikuwa meneja wa minyoo, na hakuna mtu, hata baba, aliyeruhusiwa kugusa kopo bila kupitia kwake.

"Shikamoo, meneja. Naomba mnyoo."

"Mnene au mwembamba?"

"Mnene."

"Wanene wamesafiri."

Samaki walipogoma, kilitoka kijiko. Kila mtoto alijitazama ndani yake, akajiona kichwa chini, akacheka, akapanda vidole viwili juu ya ubao. Hivyo ndivyo boti ile ilivyokwenda mwaka mzima, nyepesi, na baba akipata samaki wake kwa utulivu. Mama mwenyewe aliwahi kushika ufito mara moja tu, kwa dakika nne.

Kiwandani alishona maganda ya majaketi na kola zake. Kulikuwa na vyerehani kumi na vinne na feni moja iliyotazama upande wa msimamizi. Kujaza kulifanyika katika chumba kingine, mlango ukiwa umefungwa ili vumbi lisitoke. Alipomaliza oda kubwa ya saizi ndogo kabla ya siku yake, msimamizi alimpa mawili kama asante. Jioni hiyo aliwavisha watoto sebuleni, wakapanda hadi Kasuku akagusa taa.

Jumapili hiyo maji yalikuwa shwari. Saa tatu hivi, Kisiki akiwa amegeuka kula ndizi, baba alinyoosha mkono, akafungua kopo, akachukua mnyoo mnene bila kuomba. Alifanya hivyo kwa sababu alikuwa na haraka. Baada ya dakika chache ufito wake ulipinda kama upinde.

"Njooni muone!" akapiga kelele.

Lilikuwa neno ambalo mama alikuwa amelipiga marufuku kwenye boti. Bibi alikwenda kuona. Kasuku alikwenda, akicheka. Kisiki alikwenda pia, akainama, akaona samaki mkubwa kuliko mguu wake, na kwenye mdomo wa samaki akaona kitu anachokijua.

"Mnyoo wangu," alisema, akawa kisiki.

Boti iligeuka juu chini polepole, kama mtu anayejigeuza kitandani. Samaki akaondoka na mshipi.

Majaketi ya wakubwa yaliwashika vizuri. Mwavuli wa bibi ulifunguka wenyewe, ukatangulia mbele, na Kasuku alipouona alicheka zaidi, akatoka majini hadi magotini na kuning'inia hapo. Kisha jaketi lake likaanza kunywa maji. Lilimvuta hadi kiunoni, likamvuta hadi kifuani, naye akaacha kucheka ili atazame. Kisiki alikuwa amezama hadi kidevuni. Mama alimkumbatia, na uzito wake ulikuwa wa mfuko wa saruji, na jaketi juu yake lilikuwa mfuko wa pili.

Mama alivifungua vifungio vyote vinne. Vilimsumbua, kwa sababu alikuwa amevishona kwa mishono mitatu mitatu. Majaketi yakashuka moja kwa moja chini. Kasuku akapanda kidogo. Kisiki akabaki vilevile.

"Meneja," mama akamwambia, maji yakimwingia mdomoni, "ni kweli baba amechukua mnyoo bila ruhusa?"

"Ndiyo."

"Sasa tumfanyeje?"

Kisiki alifikiri. Kidevu kilikuwa kimeshazama.

"Tumfukuze kazi."

"Baba Kasuku, umesikia? Umefukuzwa."

"Nimesikia, meneja," baba alisema, akisukuma boti kwa bega ili aigeuze. "Nisamehe, nina mama mzee ananitegemea."

"Usimsamehe, mume wangu," bibi alimwambia mjukuu wake. "Mimi simtegemei huyu hata kidogo. Mimi nakutegemea wewe na minyoo yako."

Kisiki akacheka. Kidevu kikatoka, mabega yakatoka, kitovu kikatoka.

Boti ilichukua dakika arobaini kugeuzwa. Kwa dakika hizo zote mama alifanya kazi. Aliigiza sauti ya jirani anayekohoa kabla ya kuomba chumvi. Aliuliza vitendawili na kukosea majibu kwa makusudi, ili Kasuku amsahihishe. Aliimba wimbo wa bata hadi bata wakaisha, akaingia kwa kuku. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi na meno yakigongana, na watoto wakadhani kugongana kwa meno ni sehemu ya wimbo, wakamwomba arudie. Alilia mara moja tu, akiwa amegeukia upande ambao watoto hawakuwepo, akageuka tena akiwa amefika kwa ng'ombe.

Baba aliyavua majaketi baadaye kwa ndoano na kamba, kutoka chini kwenye tope. Ndio samaki pekee wa siku hiyo.

"Leo nimefukuzwa mbele ya mama yangu," alisema njiani, akivuta mkokoteni. Kisha akamtazama mkewe. "Mwenzangu, ile kazi yako siiwezi."

Majaketi yalianikwa kwenye kamba ya nguo na kudondosha maji siku nne. Siku ya tano mama alichukua mkasi mdogo, akafumua mshono mmoja. Ndani hamkuwa na povu gumu lisilopitisha maji, lile la majaketi ya wakubwa. Mlikuwa na sponji ya mabaki ya magodoro, na kipande kimoja kilikuwa bado na ua la kitambaa cha godoro lililobaki pembeni.

Aliyapeleka kwa msimamizi ndani ya ndoo, akayaweka mezani, akamsimulia ile Jumapili. Msimamizi alikuwa mtu mpole, aliyependa kuwauliza wafanyakazi hali za nyumbani. Alisogeza karatasi zake zisilowe.

"Hili linakunywa maji, bosi."

"Hiyo ni saizi ndogo," alisema. "Povu lenyewe liliisha kabla ya oda kuisha. Na watoto ni wepesi, mama. Si umesema wako walielea?"

"Walielea nilipowavua majaketi."

"Kwa nini?"

"Walikuwa wamefurahi."

Msimamizi hakushangaa. Alichukua kalamu, akaliandika hilo, akalipigia mstari chini.

Siku mbili baadaye alimwita, akamwomba aandike ukurasa mmoja juu ya namna ya kuwafurahisha watoto wadogo familia inapokwenda kuvua kwa boti. "Una kipaji," alimwambia, na hilo lilikuwa kweli. Mama aliandika kwa siku tatu, wakati wa chakula, kwenye karatasi ya mistari. Aliandika habari za fito za rangi mbili, ndizi zinazotoka mojamoja, vyeo vya kweli, kijiko, kurudi nyumbani kabla ya kuombwa. Aliandika kwamba chambo kisiguswe bila idhini ya mwenye chambo. Mstari wa kwanza kabisa aliandika: *Kwanza, badilisheni sponji.*

Karatasi ilirudi kutoka kwa mchapaji ikiwa ya njano na nzuri, yenye picha ya samaki anayetabasamu. Maneno yake yote yalikuwemo, isipokuwa mstari wa kwanza.

"Nafasi haikutosha," msimamizi alieleza.

Chini kulikuwa na sentensi ambayo hakuiandika yeye: *Jaketi hili hufanya kazi mtoto akiwa na furaha.* Karatasi iliwekwa kwenye mfuko mdogo wa plastiki, ikashonewa ndani ya kila jaketi la saizi ndogo. Kwa kuwa mkono wake ulikuwa safi kuliko wote, mama alihamishiwa meza ya karatasi hizo. Aliishona kila karatasi kwa mishono mitatu. Ndicho kitu pekee ndani ya jaketi kilichoweza kumwinua mtoto.

Nyumbani aliyafumua majaketi ya wanawe, akayajaza chupa ndogo tupu zilizofungwa vizibo, akayajaribu kwenye pipa la maji. Yalielea hata Kisiki alipokuwa amenuna ndani yake. Akafanya vivyo hivyo kwa watoto wa majirani. Hadi leo amefikisha majaketi kumi na moja. Kiwanda hutoa mia tatu kwa wiki.

Siku hizi Jumapili ziwani kuna boti nyingi. Watu wamesoma karatasi ya njano, na watoto wao pia wameanza kuinuka, wengine kidole kimoja, wengine vitatu. Ukisimama ufukweni asubuhi unaona vichwa vidogo na majaketi ya rangi ya chungwa vikiwa juu kidogo kuliko inavyopaswa, na chini yao wazazi wakiimba, wakijikuna kama nyani, wakiomba minyoo kwa heshima, sauti zimewakauka. Hakuna anayeweza kuvua. Wanasifiana kwa uvumilivu, na kweli wanastahili sifa.

Jumapili iliyopita baba alimkabidhi mama ufito wake na kumwambia, "Leo vua wewe. Meneja ameshaniruhusu nimsaidie." Mama aliushika. Boya lake dogo lilitulia juu ya maji. Lilikuwa limeanza kuzama, kitu kikilivuta, aliposikia mtoto akilia kwenye boti ya jirani, kama hatua thelathini hivi. Boti ile ilikuwa imelala ubavu. Aliitambua kola ya jaketi kwa mbali, kwa mshono wake.

Alimrudishia baba ufito. Akachukua kijiko, akasimama taratibu katikati ya boti, akakielekeza kwenye jua hadi mwanga ukatua kwenye pua ya yule mtoto, akaanza wimbo wa bata. Wimbo ulipofika kwa mbuni, mtoto alikuwa vidole viwili juu ya ubao.

Nyuma ya boti ile kulikuwa na nyingine, nayo imeanza kulala ubavu. Mama akakigeuza kijiko, akaanza tena na bata.