Mstari wa Buluu Jikoni

Maji yalikuwa yamemfika shingoni katibu wa kamati ya maji. Kwa miaka miwili mjomba wake na shemeji wa mjomba huyo walivutana juu ya mfereji wa zamani uliofukiwa, ambao ukichimbuliwa ungefikisha maji kwenye mashamba ya chini. Kila mmoja aliapa kwamba ulipita kwa mwenzake. Vikaoni walikaa wamepeana mgongo, na yeye akawa mpeleka maneno kati ya watu walioketi benchi moja.

Akaamua kuifuata ramani ya zamani ofisi ya upimaji. Mara ya kwanza mtunza ramani alikuwa likizo. Mara ya pili alikuwepo, ila ufunguo wa kabati haukuwepo. Mara ya tatu akaletewa bonde jingine kabisa, na alipolalamika akaambiwa mabonde yote yanafanana. Aligoma kuondoka mpaka yule jamaa alipochoka kutazamwa, akaitoa ya kweli: karatasi iliyogeuka njano, mistari ya miinuko imebanana vilimani na kuachana bondeni, mifereji kwa wino wa buluu.

Aliufuata ule wa ugomvi kwa kidole. Haukupita kwa mjomba, wala kwa shemeji. Ulitoka mtoni, ukazunguka mwamba, ukakatiza pale ambapo yeye mwenyewe alijenga jiko mwaka uliopita.

Angeweza kusema ramani imepotea. Kwa ofisi ile, nani angeshangaa? Alilitafuna wazo hilo njia nzima. Ila shamba la mwisho kule chini lilikuwa la mkunga mstaafu, aliyewapokea nusu ya wanakamati duniani, na mahindi yake yalishajikunja. Kikaoni akaitandaza ramani mezani.

Wale wawili wakainama hadi vichwa vikagongana. Wakacheka pamoja.

"Mpwa wangu," mjomba akasema, "kumbe tumegombana bure, mwenye mfereji ni wewe."

"Tutakusaidia kubomoa," shemeji akaongeza, kwa upole uliomuudhi zaidi.

Walikuja kweli, wakakaa kivulini wakibishana ukuta upi uanze. Alibomoa yeye na fundi mmoja, siku mbili. Chini ya sakafu wakakuta mawe ya mfereji, yamepangwa vizuri.

Wiki iliyofuata maji yalifika kwa mkunga. Katibu sasa anapikia barazani, moshi ukimwingia machoni, na kila asubuhi wale wawili hupita bega kwa bega, wakamsalimu na kumuuliza jiko jipya litakwisha lini.