Ncha ya Pili ya Kamba

Uziwi una faida moja: simsikii Redio. Jirani yangu huyo huvua karibu nami, chini ya bwawa, na watu walimpa jina hilo kwa sababu haishiwi maneno. Mimi naona midomo tu ikienda, natikisa kichwa, naendelea na ndoano zangu.

Hasara yake ni king'ora. Wahudumu wa bwawa hukipiga kabla ya kufungua milango yake, ili sisi tulio kwenye mawe katikati ya mto tutoke maji hayajatufikia. Masikio yangu yalipokufa, mke wangu alinifunga kamba kiunoni, akawa anakaa ukingoni na ncha ya pili, huku akishona. King'ora kikilia, alivuta mara moja. Mara moja tu, kwa nguvu, kama mtu anayefunga mlango. Nami nilitoka bila kuuliza.

Sasa hayupo. Binti yangu ananisihi niachane na mto, nikakae kwake. Kwake kumejaa watu wanaonitazama kwa huruma, na mimi huruma siiwezi. Kwa hiyo kila asubuhi najifunga kamba ileile, ncha ya pili naifunga kwenye chuma pale ukingoni, kisha nayakodolea maji macho. Siku moja Redio aliishika ile ncha, akaniashiria kwamba atanivutia yeye. Nilimnyang'anya. Pale palikuwa pa mke wangu, si pa kila mpita njia.

Jana kambare mkubwa alinasa kwenye ndoano yangu. Nilihangaika naye hadi nikasahau kutazama maji. Ndipo kamba ikavutwa.

Moyo ulinilipuka. Kwa kitambo kile niliamini kabisa kwamba ni yeye.

"Nakuja, mke wangu," nilisema kwa sauti, mtu mzima mimi.

Halafu ikavutwa tena, na tena, hovyohovyo. Mke wangu hakuvuta hivyo hata siku moja. Nilijua kabla sijageuka.

Maji yalikuwa yamefika magotini. Nikaachia mshipi na kambare wake, nikang'ang'ania kamba, nikapanda ukingo kwa mikono na miguu. Nyuma yangu jiwe likamezwa.

Redio alikuwa ameloa jasho, midomo inakwenda mbio. Nilikaa chini nikalia. Akanipigapiga begani, nadhani alidhani ni woga. Haukuwa woga. Nililia kwa sababu niliyemkuta pale ni yeye, si mke wangu.

Leo asubuhi nimejifunga kamba kama kawaida, ila ile ncha ya pili nimempelekea Redio mkononi.

"Usinikokote kama mbuzi," nikamwambia. "Vuta mara moja tu. Kwa nguvu."

Midomo yake ikatulia, nadhani kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Akavuta.

"Ongeza kidogo," nikasema, nikafumba macho.