Rangi Nyeusi Uvunguni

Wenye magari wengine kwenye foleni ya ukaguzi walikuwa wakiomba magari yao yapite. Mama Pacha alikuwa akiomba gari la baba yake likataliwe, na aliogopa kwamba litapita.

Lilikuwa gari kongwe kuliko yeye, jeupe, linang'aa kama sahani ya wageni. Kila mwaka baba aliliosha, akalileta, likapita. Jumamosi hii alitaka kuwapeleka wajukuu wake pacha kwa shangazi yao, kwa barabara ya mlimani. Watoto walikwishafunga mabegi.

Lakini juzi Mama Pacha alimshikia baba tochi uvunguni. Baba alikuwa akiziba matundu ya kutu kwa puti. Kidole cha Mama Pacha kiligusa chesisi, fremu inayobeba gari, nyuma ya gurudumu la kushoto, kikazama. Chuma kilimomonyoka kama biskuti iliyochovywa chai.

"Baba, hapa pameoza."

"Paka rangi. Hata wewe siku ya harusi ulipakwa."

Mama Pacha akapaka, nyeusi, nzito. Baba yake hakukubali kuambiwa jambo mara mbili.

Mkaguzi alikuwa kijana mwenye ovaroli safi. Alimwamkia mzee, kisha akaliinamia gari lile kongwe. "Na wewe bibi, shikamoo."

Baba akacheka. Mama Pacha akawaza: Kijana amelipenda.

Taa sawa. Honi sawa. Breki zilishika vizuri kwenye mashine. Kijana akashuka kwenye shimo la ukaguzi chini ya gari, akamulika juu.

"Mzee, umelivalisha suti kabisa. Haya, huku tayari."

Akashika ngazi apande. Mkono wa baba ulikuwa begani kwa Mama Pacha, mzito, umetulia. Mama Pacha aliiona Jumamosi: kona, lori linashuka, vichwa viwili vidogo kiti cha nyuma.

"Gonga nyuma ya gurudumu la kushoto," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, kama ya mtoto aliyevunja kikombe.

Mkono ukaondoka begani.

Kijana akagonga kwa nyundo. Pigo la kwanza lilitoa mlio wa kibubu. La pili likapenya. Puti ikadondoka, kisha kutu, kisha kipande cha chesisi kizima, na gari likainama upande polepole, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Kijana alitoka shimoni bila kugusa ngazi.

"Mmekuja nalo likitembea?" Alikuwa akihema.

"Tumekuja nalo," baba akajibu.

"Mficha maradhi, mzee..."

Baba alimgeukia binti yake. "Ulijua."

"Nilikwambia juzi."

"Na leo ukapanda. Ukakaa mbele, mteremko wote ule, ukanyamaza."

"Nilipanda."

"Kwa nini, mwanangu?"

Mama Pacha alitazama chini. Angesema nini? Kwamba barabara ile ilimtisha, lakini baba alimtisha zaidi? Hakusema, ila mzee alimsoma usoni, naye akatafuta ukuta wa kuegemea.

Akampa kijana ufunguo. "Livuteni. Nyumbani silirudishi."

Walitoka getini kwa miguu, baba nyuma, yeye mbele.

"Watoto waambie wewe kuwa safari ni ya basi," mzee alisema. "Lakini waache wakasirike mbele yangu, wapige kelele watakavyo. Wasije nao wakajifunza kuninyamazia."