Kahambu na Soda ya Sabuni

"Mama Kahambu, kule shuleni wanafundisha mutoto yako kutengeneza dawa ao bomu?"

Rachida alimuuliza hivyo jirani yake Virginie siku moja, akichambua mchele mbele ya mlango wake. Alikuwa wa jamaa ya Waislamu wa zamani wa Kisangani, na Virginie alikuwa Mkatoliki aliyeletwa na mume kutoka Butembo. Ukuta wao ulikuwa mmoja, na utani wao ulikuwa wa kila siku.

"Wanamufundisha kukutengenezea sabuni, jirani," Virginie akamjibu. "Ile unafulia inanuka samaki."

Wakacheka. Hiyo ilikuwa kabla ya majeshi mawili ya wageni kupigana katikati ya mji kwa siku sita, wakirushiana mabomu juu ya vichwa vya watu.

Virginie alikuwa mjane. Mumewe Paluku, aliyeuza maharagwe na chumvi sokoni, alikuwa ameuawa na risasi katika mapigano ya mwaka uliotangulia. Nyumbani alibaki na Kahambu tu, binti aliyekuwa darasa la mwisho la sekondari, upande wa kemia. Kila alfajiri kwenye misa Virginie hakuomba nguo wala chakula. Aliomba mtoto apite mtihani wa serikali, awe mtu wa dawa, mwenye duka lake na koti lake jeupe.

Ile ya sabuni haikuwa mzaha mtupu. Sabuni ya dukani ilipokosekana, mama na mtoto walitengeneza yao nyuma ya jiko. Walichoma mashada makavu ya michikichi, yale yaliyokwisha kutolewa ngazi, matunda yake, wakakusanya majivu katika beseni lenye matundu, kisha wakamwaga maji juu yake. Maji makali yaliyochuruzika chini ndiyo yaliyopikwa pamoja na mafuta ya mawese. Tangu akiwa mdogo, kazi ya Kahambu ilikuwa kumwaga yale maji. Unamwaga polepole, mama yake alimwambia, na unainama, uso karibu, uone majivu yanavyokunywa. Ukienda haraka yanaziba. Kahambu alikuwa na mkono mzuri kwa kazi hiyo, kuliko mama yake.

Mabomu yaliponyamaza, shule ikafunguliwa tena. Watu wengi walikuwa wamejificha humo siku zile za vita. Katika chumba cha kemia kulikuwa na pipa la maji karibu na mlango, la kumwagia mtu akiungua. Waliokimbilia pale walikunywa maji yake yote, wakanywesha watoto, na nani angewalaumu? Miwani ya plastiki ya kulinda macho iliibwa. Mabomba ya mji mzima yalikuwa makavu.

Professa, yaani mwalimu wa kemia, papa Augustin, alikuwa mtu wa sheria. Kahambu alizirudia sheria zake nyumbani akiwa anasonga ugali, na Virginie alipenda kuzisikia, zilimkumbusha katekisimu. Usivae kandambili. Funga nywele. Usile ndani ya chumba. Na ile kubwa, waliyoiimba darasa zima kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili: soda ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda.

"Sasa hiyo inaleta tofauti gani?" Virginie aliuliza.

"Mama, ile soda ya kutengenezea sabuni ni kali kuliko majivu. Ukiimwagia maji inakasirika."

"Kama baba yako alivyokuwa akiamshwa," Virginie akasema, na mtoto akacheka sana.

Siku ya somo la sabuni, papa Augustin alikuwa ameagiza kila mwanafunzi aje na kidumu cha maji. Lakini kwenye chemchemi foleni ilikuwa ndefu, na waliofanikiwa walikuwa wawili tu. Mtihani ulikuwa karibu, na somo lile hutokea humo mara kwa mara. Professa alilitazama pipa tupu, akawatazama wanafunzi. "Bon, haya," akasema, "tuanze tu. Mukuwe waangalifu."

Virginie alisimuliwa hayo na Élise, rafiki wa Kahambu, aliyekuja mbio kumwita sokoni. Alisimuliwa wakiwa njiani, Élise akilia na kukimbia pamoja.

"Soda ilikuwa ndani ya bakuli tayari, mama. Kahambu akabeba kikombe, akamwaga maji juu yake. Ikachemka, ikaruka. Ikaingia macho."

Virginie akasimama katikati ya barabara. Baiskeli ikamkwepa, mwendeshaji akamtukana.

"Aliinama?"

"Mama?"

"Nauliza, alikuwa ameinama?"

"Eeh, mama. Aliinama kabisa. Kama mutu anaangalia kitu."

Virginie aliinua kitenge, akakimbia mpaka hospitali.

Kule darasani walikuwa wamemwosha Kahambu macho kwa vidumu vile viwili, mpaka tone la mwisho. Kisha wakamshika mkono kumpeleka hospitali kwa miguu, akipiga kelele njia nzima. Daktari hakuwa mtu wa kuficha. "Mama, hii soda haingoji. Ilitaka maji mengi, pale pale, bila kukatika. Sisi tumemupokea imekwisha kula macho."

Rachida alikuja kila siku na ndoo kichwani, maji ya kumwosha na ya kunywa. Hakutania. Aliweka ndoo, akagusa mguu wa mtoto, akaenda.

Jioni moja Kahambu alisema chini ya bandeji, "Mama, sheria nilijua. Asubuhi ile niliiimba na wenzangu. Lakini mukono ulienda peke yake."

"Ulienda kama kwenye majivu."

"Eeh."

Virginie alishika rozari, akafika katikati, akasahau alikotoka. Akaanza upya, akasahau tena. Kwa mara ya kwanza tangu ubatizo wake hakujua amwombe Mungu nini, maana aliloliomba lilikuwa limekwisha kujibiwa, na jibu lilikuwa limelala pale kitandani.

Bandeji ilitolewa. Jicho la kulia lilikuwa jeupe kama yai lililochemshwa. La kushoto lilijua mchana na usiku, basi. Wakarudi nyumbani.

Papa Augustin alikuja wakati jua liko juu. Alikataa kiti, kisha akakaa.

"Mama Virginie, kuna mukutano wa wazazi. Wanasema sikufundisha watoto kujilinda. Watanifukuza. Nakuomba useme kweli tu: nilifundisha ao sikufundisha?"

"Muulize mwenyewe. Masikio yake iko muzima."

Kahambu aligeuza uso upande wa sauti, akakosea kidogo, akawa anautazama ukuta. "Ulifundisha, papa. Tuliimba wote."

"Asante, mwanangu. Mungu akubariki." Alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Nitasema hivyo mbele ya wazazi," Virginie akasema. "Nitasema pia kwamba pipa lilikuwa bila maji, na ulijua."

"Mama, maji imemalizwa na vita. Si mimi."

"Vita haikusema muanze."

Nje Rachida alikuwa akimkaripia kuku. Virginie aliitazama mikono yake mwenyewe juu ya mapaja, akaifunika kwa kitenge.

"Papa Augustin," Kahambu akasema, bado akiongea na ukuta, kwa adabu ileile ya darasani. "Wenzangu wakienda kwa mutihani, mimi utanifundisha nini?"

Professa alimtazama Virginie kana kwamba yeye ndiye angejibu. Virginie naye alingoja, maana alitaka kujua kuliko wote. Kahambu alingoja, mikono imekunjwa, kichwa kimeinuliwa.

Papa Augustin akasimama, akakirudisha kiti mahali pake, akatoka.