Wenye Kadi Tu

Masharti ya mnada wa magari makuukuu wa Changamwe yalikuwa kumi na moja, nayo yalibandikwa langoni kwenye ubao mrefu, ili kila asiyeruhusiwa kununua apate kujua sababu akiwa ametulia. La kwanza lilitosha kuwarudisha wengi nyumbani: atakayetaja bei ni mwenye leseni ya biashara ya magari, aliyepewa kadi yenye nambari na ofisi ya dalali. Wengine wangeweza kuyatazama magari mpaka kengele ilie, kisha wasimame nyuma ya kamba na wanyamaze.

Mwanakheri wa Likoni hakuusoma ubao. Kusoma alijua; alikuwa na haraka. Kwa miaka minane yeye na wenzake wanne walikuwa wakipeleka samaki kwenye hoteli moja ya Shanzu, kwa feri, kisha basi, kisha basi jingine, na samaki wale walifika wamechoka kuliko wao. Sasa mpishi mkuu alikuwa amewaambia, kwa adabu zote, kwamba kuanzia mwezi ujao samaki waje kwa gari, ndani ya barafu, kabla ya saa tatu asubuhi, ama atatafuta watu wengine. Mwezi ulikuwa umebakiza siku nne. Pesa za wanawake watano zilikuwa kwenye pembe ya leso yake, ndani ya fundo ambalo benki ingelionea wivu.

Pikapu aliiona mara moja. Ilikuwa nyeupe, au iliwahi kuwa. Taa moja ilitazama barabara, nyingine ilitazama mbinguni. Charo, fundi aliyekuja naye, alijilaza chini yake robo saa, akatoka na mafuta usoni.

"Injini nzima," alisema. "Hayo mengine ni sura tu."

Basi Mwanakheri akafanya kile afanyacho kila alfajiri: akaweka kikapu chake juu ya boneti, akaenda kutafuta kivuli.

Kule Likoni wanakoshusha samaki, mama akishaweka kikapu juu ya fungu, hakuna mwingine atakayelitajia bei mpaka yeye apatane na mvuvi au akiondoe kikapu chake. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Anayeivunja hapigwi. Ila siku hiyo hauziwi hata dagaa mmoja, na habari zake hufika kwa mamake kabla yeye hajafika.

Kengele ikalia. Askari wa lango akamsukuma Mwanakheri nyuma ya kamba, taratibu, kama mtu anayesukuma kabati la mtu mwingine.

"Ngoja nichukue kikapu changu, mwanangu."

"Kengele ikishalia hakuna kugusa gari, bibi. Sharti la sita."

Hapo ndipo alipoelezwa habari za kadi. Boga, mfanyabiashara wa magari mwenye kadi nambari nne, mtoto wa Nyamvula, mama anayekaanga samaki jirani ya Mwanakheri, akamsogelea.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri."

"Marahaba, Boga. Ati siwezi kusema bei mie mwenyewe?"

"Huna kadi. Lakini usiwe na wasiwasi. Ntainunua mimi, kisha ntakuuzia."

"Kwa ngapi?"

Boga akataja. Mwanakheri akamtazama kama anayetazama pweza wa juzi.

"Hiyo ni bei ya pikapu mbili."

"Ndiyo biashara, mama," alisema Boga, akarudi mbele ya kamba.

Magari yakaanza kuuzwa. Dalali Thoya alikuwa mtu wa Kaloleni, mbali na samaki, mwenye tai na sauti ya kuamsha mtaa. Aliuza la kwanza, la pili, hata la kumi na sita. Akafika kwenye pikapu, akataja bei ya kuanzia.

Kimya.

Wenye kadi wote walikuwa wanakitazama kikapu. Walikuwa watu wazima, wenye leseni na vitambi vya heshima, lakini wengi wao walikua kwa samaki wa kukaangwa na mama zao. Thoya akaita mara ya pili. Boga akaanza kunyanyua kadi, ikafika usawa wa sikio.

"Boga," alisema mzee Mwinyihaji wa Jomvu Kuu, mwenye kadi pia, bila kugeuka. "Kikapu wakiona?"

"Hapa si Likoni, mzee. Mnada una masharti yake."

"Kweli kabisa. Basi taja bei. Mie ntapita kumsalimia mamako jioni."

Watu wakacheka chini chini. Boga akaanza kujipepea kwa kadi, kana kwamba ndilo kusudi lake tangu mwanzo.

"Gari hili lina nini?" aliuliza Thoya. "Lina majini?"

"Lina mwenyewe," alijibu mmoja.

"Mwenyewe ndiye aliyenituma niliuze."

Akaita mara ya tatu. Kimya. Ikabidi afungue faili na kusoma sharti la kumi na moja, ambalo mwenye yadi alilitia kwa sababu hakutaka gari lolote libaki uwanjani mwake: gari likiitwa mara tatu bila mwenye kadi kulitajia bei, litauzwa kwa bei ya kuanzia kwa yeyote aliyepo na fedha taslimu.

Mwanakheri alinyanyua mkono nyuma ya kamba. "Mie nipo."

Fundo likakataa kufunguka. Alilifungua kwa meno, mbele ya mnada mzima, na hakuna aliyethubutu kucheka. Pesa zikatosha, na zikabaki za petroli.

"Nambari ya kadi?" aliuliza Thoya, kalamu juu ya daftari.

"Sina."

Thoya akavuta mstari mrefu kwenye nafasi ile, akashusha pumzi, akampa funguo.

Langoni Boga alikuwa anamngoja. "Bi Mwanakheri, usimwambie mama."

"Nimwambie nini? Hukutaja bei. Kesho pita, nikutilie samaki changu wawili."

Kwenye feri, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alivuka akiwa kwenye foleni ya magari, kiwiko dirishani, akiwatazama waendao kwa miguu wakisukumana. Akamwambia Charo aendeshe kwa heshima.

"Tukishuka twende wapi?" aliuliza Charo.

"Kwa muuza barafu," alisema Mwanakheri. "Atuone."