Kupe Aliyekosa Mwenyeji

Siku hiyo penseli ilinitumbukia kinamasini, nikaandika vikaratasi vya chupa kwa kalamu ya wino. Hilo lilikuwa kosa dogo. Ningelisema mapema, lingebaki dogo.

Nilikuwa msaidizi wa Profesa Ubaldina Negrete katika chuo kimoja cha mji wa Montería. Kiangazi kizima tulizunguka vinamasi vya mto Sinú tukitafuta kupe wanaonyonya damu ya iguana, wale mijusi wakubwa. Tulipekua na chatu, na vyura wakubwa pia, ili kulinganisha. Profesa, pamoja na miaka yake sitini na miwili, alimdaka iguana mkiani na kumkalia; mimi nilimng'oa kupe kwa kikoleo, nikamtia katika chupa ya spiriti pamoja na kikaratasi kinachosema ametoka mahali gani na kwa mnyama gani, yaani mwenyeji wake.

"Kupe asiye na mwenyeji ni takataka, mwanangu," aliniambia kila mara.

Wiki mbili baadaye nilifungua sanduku maabarani. Chupa sita zilikuwa na vikaratasi vyeupe pe. Spiriti ilikuwa imekula wino wote. Nilikumbuka kwamba siku ile tulipekua iguana wawili na vyura kadhaa, lakini chupa ipi ni ya nani, sikujua. Profesa alikuwa darasani. Nikachukua penseli, nikaandika zote sita: iguana.

Miezi mitatu ikapita. Asubuhi moja akaniita kwenye hadubini.

"Tazama mwiba huu wa nje, mguu wa mbele. Mrefu kuliko wa ndani, unaona? Wa iguana hayuko hivi. Anafanana na yule wa vyura, ila madoa yake siyo. Halafu wote majike! Hakuna dume hata mmoja!"

"Labda ni wa chura, Profesa," nilisema.

"Wa chura, na umemtoa kwa iguana kwa mkono wako mwenyewe? Hapana, binti. Huyu ni mpya." Akanishika mabega. "Na nimeshaamua. Atabeba jina lako."

Pale pale ndipo nilipopaswa kusema. Nilitabasamu.

Nyumbani mama alichinja kuku. Majirani walikuja kula, wakanicheka kwa mapenzi.

"Wenzako wanapewa majina ya barabara, wewe umepewa kupe!"

"Na nasikia wote ni majike, wanazaa bila waume," mama akadakia. "Wana akili kunishinda!"

Walicheka mpaka wakafuta machozi. Kila aliyenipongeza nilimwona kama ananivua nguo mbele za watu.

Nilivumilia siku tisa. Siku ya kumi nilimfuata Profesa ofisini, nikasimama mlangoni.

"Vile vikaratasi, Profesa. Niliandika upya. Wino ulifutika. Sijui kupe wale walitoka kwa nani."

Aliweka kalamu chini. "Vingapi?"

"Sita. Vyote vile."

"Makala nimeshaituma, Eneida. Na wenzangu nimeshawatangazia."

Hakupaza sauti. Angenigombeza ningeshukuru. Aliniomba nifunge mlango, na sikujua kama alitaka niufunge nikiwa ndani au nje. Niliufunga nikiwa nje.

Aliomba jarida limrudishie makala. Siku ya mkutano wa idara alisimama mbele ya watu arobaini, akasema hakuna kupe mpya. Ni yule yule wa vyura, na madoa hutofautiana.

"Ilikuwaje mtu mwenye uzoefu wako achanganye mwenyeji?" mzee mmoja akauliza, na wengine wakaguna kwa kicheko.

"Sikukagua vikaratasi," alijibu Profesa. "Kosa ni langu."

Nilikuwa safu ya tatu. Alinitazama mara moja tu, kisha akatazama karatasi zake. Miguu yangu ilitaka kusimama, nami niliizuia. Mkutano uliendelea na jambo jingine, na mimi nilikuwa bado nimekaa.

Kesho yake ndipo nilipomwandikia mkuu wa idara barua, nikaeleza kila kitu na kutia saini. Mkuu alimpa Profesa, naye akaisoma.

"Vizuri," alisema. "Ingekuwa vizuri zaidi jana."

Hakunifukuza. Mvua zilipoanza tulirudi kinamasini, tukapekua vyura thelathini na mmoja, tukawapata kupe wale wale, madoa yale yale. Yeye ndiye aliyeandika vikaratasi. Nami nilishika vyura.

Mama nilimwambia Jumapili, akiwa anachambua mchele. Alichagua kijiwe, akakitupa.

"Na mimi nilialika mtaa mzima," alisema.

Nilikaa karibu naye, nikavuta ungo upande wangu, tukachambua pamoja.