Jina la Kutumwa

Kitu cha kwanza alichokiona Kouraichia katika ofisi ile ya tiketi za ndege mjini Hell-Ville ni kidole cha karani. Karani aliandika kwa kidole kimoja tu, na kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho alikiinua hewani, akamtazama mteja. Mzee aliyewatangulia alikumbuka, katika kitambo hicho kifupi, kwamba alikuwa ametaja namba ya pasipoti yake ya zamani. Ikarekebishwa.

Zamu yao ikafika. Shangazi Fatoumia akaketi kwenye kiti pekee. Kouraichia akasimama nyuma yake na kikapu.

"Nani anasafiri?" Athoumani, yule karani, aliuliza kwa Kimalagasi.

"Huyu. Anakwenda Moroni kwa mama yake. Anapandia ndege Mahajanga, Alhamisi ijayo."

"Siku hizi habari za abiria zinatangulia kabla ya abiria. Wewe bado unafunga mkoba, wao Moroni wameshakusoma. Pasipoti iko wapi?"

"Kulekule Mahajanga, mtaa wa Antanimasaja, kwa mjomba wake. Atampa siku ya safari. Namba ninayo kwenye karatasi hii, na simu yake."

Mjomba Soudjay alikuwa amemsomea shangazi namba kwa simu, na tarehe zake. Jina hakulitaja. Nani atamtajia mtu jina la mtoto anayelala nyumbani kwake?

"Jina?"

"Kouraichia Hamada," shangazi alisema.

Msichana alihisi kikapu kimekuwa kizito. Kouraichia halikuwa jina la pasipoti. Lilikuwa jina la Marodoka, kijijini kwa shangazi, alilopewa akiwa na miaka tisa, alipofiwa na baba na kutolewa darasa la tatu ili aje kumsaidia shangazi. Jina lake lenyewe lilikuwa pia jina la mama mkwe wa shangazi, bikizee aliyeshinda barazani akisikia kila neno. Nani angethubutu kupaza sauti uani, "Hayrat, mvivu wewe, leta ndoo"? Mkwe hatumwi, wala hakaripiwi. Basi mtoto akabadilishwa jina siku ileile, na tangu hapo ametumwa na kukaripiwa bila kizuizi miaka kumi na mitatu. Sasa ndiye aliyekuwa akimwogesha bikizee, akipika, akifua, akiuza mikate.

Shangazi alilijua jina la pasipoti. Walikuwa pamoja Mahajanga siku ya kupigwa picha.

"Jina ni hili hasa?" Athoumani aliuliza. "Likitofautiana na pasipoti uwanjani hapandi. Na tiketi hii anayolipiwa na mama yake haibadilishwi wala hairudishwi."

"Mimi ndiye niliyemlea."

"Sikuuliza nani kamlea, mama." Akamtazama msichana. "Na yeye? Ni bubu?"

"Si bubu. Hana la kusema tu."

Wote wawili wakacheka kidogo. Msichana naye alitabasamu, kwa mazoea, huku akiiona safari yote: boti ya kuvuka hadi bandari ya Antsahampano, gari siku nzima, kaunta ya Mahajanga, afisa akitazama tiketi, akitazama pasipoti, akitikisa kichwa. Halafu njia ileile kurudi. Na shangazi akimwambia mama kwenye simu, kwa huzuni, kwamba serikali imekataa. Mlango ulikuwa unafungwa mbele ya macho yake, na aliyeufunga alikuwa anajipepea kwa ncha ya leso.

Kidole cha Athoumani kikainuka. Kikasimama hewani.

"Si hilo," msichana alisema.

Sauti ilikuwa ndogo mno. Alidhani hakuna aliyesikia. Lakini kidole hakikushuka.

"Kouraichia," shangazi alisema bila kugeuka, "nyamaza."

"Mwache. Si hilo, ni lipi?"

"Hayrat. Hayrat Hamada. Muulize mjomba, simu yake iko kwenye karatasi hiyo."

Athoumani alifuta herufi moja moja, akaandika upya. Shangazi aligeuka, uso umemwiva, mdomo wazi kwa kukaripia. Jina likamkwama kooni. Hata hapa, mbali na ile baraza, hakuweza kulitamka kwa hasira.

"Ulitaka kuniaibisha," alisema hatimaye, chini chini. "Nani atamwogesha bibi?"

Hayrat alikiweka kikapu sakafuni.

"Sijui, shangazi. Mimi nataka kwenda kwa mama, na sitaki kurudi."